Sukari Kulia, Chumvi Kushoto

Novemba 14

Nesi wa zahanati amenipa daftari hili niandike sukari ya damu yangu kila asubuhi. Nimepima. Sukari ipo, haijaenda popote. Kurasa ni nyingi na maneno ninayo, basi nitaandika ninachotaka. Shule sikuwahi kuikanyaga. Herufi alinifundisha marehemu mume wangu Hobart kwa kuzisoma kwenye magunia ya unga, na mpaka leo neno ninaloliandika vizuri kuliko yote ni unga.

Leo msimu wa mpira wa kikapu umeanza. Nyumbu, timu ya Chuo cha Harlow Creek, wamecheza nyumbani, na mwanangu Verlin ametangaza redioni kama anavyofanya kila msimu tangu alipokuwa kijana mwenye nywele.

Televisheni ninayo. Rhonda, mke wake, alininunulia, nami nimeifunika kitambaa isipate vumbi. Mpira nautazama mezani jikoni. Upande mmoja naweka bakuli la sukari, upande wa pili kikopo cha chumvi. Sukari ni kikapu wanachofunga Nyumbu, maana kwangu kila wakifunga ni utamu. Chumvi ni cha wageni. Verlin akisema mpira uko wapi, kidole changu kinakwenda juu ya kitambaa cha meza chenye maua, ua kwa ua. Na kila nusu inapoanza yeye husema, "Nyumbu wanashambulia kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mshale wa redio yako." Ni ule mshale unaotembea juu ya namba ukitafuta stesheni. Watangazaji wa milima hii wote husema hivyo, ili hata kipofu ajue uwanja umelala vipi. Baada ya mapumziko timu hubadilishana vikapu, nami nahamisha sukari.

Leo nusu ya kwanza ilikuwa kushoto kwenda kulia. Mapumziko yakaisha, nikahamisha sukari kushoto. Verlin akasema, "Nusu ya pili, Nyumbu wanatoka kushoto kwenda kulia."

Kidole changu kikaenda kwenye chumvi. Nikangoja ajirekebishe. Hakujirekebisha. Baadaye akarudia tena, kwa sauti yake ileile nzito ya kuaminika, na mimi nimekaa na kidole kwenye chumvi.

Novemba 15

Sikulala. Acha niandike la Hobart linitoke.

Hobart alichimba makaa ya mawe maisha yake yote. Nyumba yetu iko hapa barabara inapogawanyika: ukikata kulia unakwenda kanisani na mjini, ukikata kushoto unakwenda kwenye mgodi wa zamani uliofungwa, na hakuna kingine huko. Jumapili moja, hajafika hata miaka sitini, tuko garini kwenda ibadani, akakata kushoto. Nikamwambia, "We mzee, Mungu amehamia mgodini lini?" Tukacheka. Yeye alicheka kuliko mimi.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Siku ya mwisho tulimkuta kando ya kijito kwenye theluji, amevaa kofia yake ya mgodini na kiatu mguu mmoja. Katikati ya siku hizo mbili kuna miaka ambayo siiandiki.

Verlin ametimiza hamsini na saba mwezi wa nane.

Novemba 18

Nyumbu wameshinda ugenini. Kulia ilikuwa kulia, kushoto ilikuwa kushoto. Mimi ni mwanamke mjinga mwenye hofu.

Novemba 23

Sikukuu ya Shukrani. Wamekuja wote: Verlin, Rhonda, na mjukuu wangu Darcie, ambaye aliwahi kuichezea timu ya wasichana ya chuo na sasa hukaa pembeni ya baba yake mezani pa utangazaji, akieleza kwa nini fulani alikosa na fulani alipata. Msichana mrefu, akipita mlangoni kwangu anainama.

Nilimtega Verlin. Nikasema, "Mwanangu, nipe chumvi."

"Ipi, Mama? Ya wageni?"

Wakacheka. Rhonda akasema, "Mama, nyie wawili mngefunga ndoa na redio."

"Televisheni uliyoniletea inafanya kazi nzuri," nikamjibu. "Inashikilia kitambaa."

Verlin alikata bata mzinga, akasimulia habari za kocha mpya anayetafuna taulo, akala keki yangu ya tufaha vipande vitatu. Akili yake ilikuwa nzima kama chungu kipya. Moyo ukaanza kushuka mahali pake. Kisha nikamtazama Darcie. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama mikono ya baba yake kama mtu anavyotazama maziwa motoni yasifurike.

Mtazamo huo naujua. Ulikuwa wangu.

Desemba 2

Darcie ameanza kusema mwelekeo. Hajawahi kufanya hivyo. Kazi yake ni kueleza mchezo, uwanja ni wa baba yake. Leo mara mbili Verlin alipofungua mdomo, binti akamtangulia: "Nyumbu wanakwenda kulia kwako, msikilizaji, kama Baba anavyopenda kusema." Wasikilizaji wataona ni utani wa mtu na mwanawe. Mimi sikuona utani.

Desemba 9

Mechi ya leo imeanza jioni, na jioni redio yetu ni bure. Jua likizama serikali inawalazimisha wapunguze nguvu za mtambo, na sauti ya Verlin inaanza kuzama nayo, inakuwa kama mtu anayeongea ndani ya pipa, kisha inabaki mikwaruzo. Zamani nilikuwa nazima na kwenda kulala. Sasa siwezi.

Nikamwita Estill Napier, jirani yangu, dereva wa lori la makaa, mdomo mkubwa kuliko lori lenyewe. Akanipandisha mpaka Mlima Uliokatwa. Ulikuwa mlima kweli nilipokuwa msichana. Kampuni ikaukata kichwa kutoa makaa, sasa juu ni tambarare kama meza. Kule juu mawimbi ya stesheni yetu yanafika kidogo hata giza likiingia.

"Bi Orlena," Estill akasema, "Nyumbu wako hao hata wakicheza na kuku watafungwa, na kuku watalalamika wamepoteza muda."

"Endesha. Nimekuomba gari, sikukuomba maoni."

Lori lake lina redio mpya inayoshika sauti kutoka setilaiti. Akanionyesha kwa majivuno kama aliizaa. Stesheni zaidi ya mia. Wanaohubiri, wanaotukana, wanaopiga banjo saa zote. Akanifungulia mechi ya chuo kikuu cha jimbo, sauti safi kabisa, kama mtangazaji yuko kwenye kiti cha katikati. Lakini haina mshale. Ina namba tu, zinawaka buluu. Nikamuuliza Estill, "Sasa hapa kushoto ni wapi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Bi Orlena, hii inatoka angani. Angani hakuna kushoto." Na tukianza kushuka bondeni inakatika katikati ya neno, maana milima inaziba anga.

Nimeiwaza sauti ile. Mtu anaongea na nchi nzima na hamjui hata mmoja. Verlin anapotangaza anajua nani anasikiliza: anajua mimi niko jikoni, mzee wa posta yuko kitandani na mguu wake, wafungwa wa jela ya wilaya wamefunguliwa redio. Mtangazaji ni macho ya watu ambao hawapo. Akipotea yeye, tunapotea wote, na hatuna hata habari.

Estill amesema Nyumbu wakifika fainali ya kanda, watu wa setilaiti watachukua sauti ya Verlin na kuirusha nchi nzima. Alidhani ananifurahisha.

Desemba 10

Theluji ya kwanza. Magoti yanauma.

Desemba 25

Krismasi. Verlin ameniletea glavu. Mwaka jana aliniletea glavu. Ni zilezile, rangi ileile. Nimesema ahsante.

Januari 6

Leo mwandiko hautasomeka.

Nusu ya pili, Nyumbu wanaongoza. Verlin alikuwa moto: "Mpira kwa Vance, Vance anadunda, anamzunguka mtu, anatoa pasi kwa Lonnie..." Kisha akanyamaza.

Hakuna Lonnie. Lonnie Fugate alichezea Nyumbu Darcie akiwa bado kwenye nepi. Sasa anauza matairi.

Ukimya ule. Ukumbi ulikuwa unanguruma, filimbi ya mwamuzi inalia, viatu vinapiga kelele sakafuni, na katikati ya kelele zote hizo pale ambapo mwanangu hukaa hapakuwa na mtu. Nikasimama. Nikaishika redio kwa mikono miwili kama naweza kumtoa humo. "Sema," nikamwambia. "Sema kitu, mwanangu. Sema lolote."

Darcie akaingia mbio: "Lonnie Fugate! Baba anakumbuka enzi, ndugu msikilizaji, na kweli pasi ile ilikuwa ya enzi za Lonnie." Akacheka. Verlin akacheka naye, akaendelea, na alimaliza mechi vizuri.

Nilikaa na kidole kwenye ua moja mpaka supu ikaungua.

Januari 8

Dukani watu wanacheka habari ya Lonnie. "Verlin na vichekesho vyake!" Muuza duka ameniambia mwanangu ni hazina. Nimelipa unga nikaondoka. Hofu yangu haina mtu wa kuiambia. Kila niliyemfikiria angefurahi mno kuijua, au angelia mno.

Januari 13

Darcie amekuja kunitazama kwa sababu ya barafu. Nikamwekea maharage na mkate wa mahindi, nikaketi mbele yake.

"Bibi, siwezi kukaa, nina haraka."

"Haraka ya wapi, daraja limeganda. Baba yako anapotea tangu lini?"

Akaweka kijiko chini. "Nani kakuambia?"

"Chumvi."

Akanitazama, akaitazama meza, akaelewa. Yeye naye alikulia kwenye kitambaa hiki. Akafunika uso.

"Mwishoni mwa msimu uliopita," akasema. "Mwanzoni yalikuwa majina tu. Sasa uwanja. Juzi kabla ya mechi aliniuliza choo kiko wapi. Bibi, ukumbi ule amefanyia kazi tangu kabla sijazaliwa."

"Mama yako anajua?"

"Mama anajua kile anachotaka kujua."

"Na wewe unamfunika."

"Nifanyeje? Nimwache aanguke hewani? Akiondolewa pale, Bibi, atabaki nani? Nyumbani hasemi. Pale ndipo anasema." Akafuta pua kwa mkono kama mtoto. "Usimwambie. Nakuomba. Na tena..."

"Sema."

"Babu. Kisha Baba." Sauti ikawa ndogo. "Halafu nani?"

Jibu ningekuwa nalo ningelitoa hata kama limefungwa mfupani. Nikamvuta nikamweka kifuani, jitu lile refu, magoti yake yakagonga meza sukari ikamwagika.

"Halafu ule maharage yako," nikamwambia. "Yanapoa."

Februari 3

Nyumbu wameshinda tena. Wana ushindi mfululizo ambao bonde hili halijauona tangu enzi za huyo Lonnie. Watu wamefunga vitambaa vya kijani kwenye vioo vya magari. Mchungaji ameombea timu.

Februari 10

Wameshinda. Usiniulize zaidi.

Februari 17

Mungu anisamehe, nimeanza kuomba wafungwe. Nimepiga magoti, magoti haya mabovu, nikasema: Bwana, wale vijana ni wazuri, usiwavunje kitu, wafungwe tu. Kila ushindi unamsogeza mwanangu karibu na ile redio isiyo na mshale. Hapa bondeni akikosea watasema kichekesho. Kule nje hawamjui. Watamsikia mara moja tu maishani, na hiyo mara moja atakuwa mzee aliyepotea.

Vance kijana yule akafunga kikapu cha mwisho kutoka mbali kabisa. Bonde zima likapiga honi. Mimi nimekaa jikoni nikamtukana mtoto wa watu asiye na kosa.

Februari 24

Leo nimesema.

Verlin amekuja peke yake asubuhi na mfuko wa chumvi ya kumwaga kwenye ngazi zisiteleze. Akamwaga vizuri, akapangusa miguu, akaingia, akanywa kahawa. Nikamtazama mikono. Nikaona nikingoja maneno mazuri nitakufa nayo.

"Verlin, unapotea hewani."

"Nini?"

"Umesikia. Unageuza uwanja. Unawaita wachezaji wenye mvi. Darcie anakufunika kama mtoto anayefunika kojo la mwenzake."

Uso wake ukawa mwekundu. "Mama, nimetangaza mechi nyingi kuliko miaka uliyoishi. Ulimi huteleza."

"Ulimi wako sina ugomvi nao. Nasema kichwa."

"Usianze."

"Nimeshaanza. Baba yako..."

"Mimi si Baba!" Akapiga meza, kifuniko cha sukari kikaruka. Tangu azaliwe hajawahi kunipigia meza. Akachukua kofia. "Fainali ni wiki mbili zijazo. Nchi nzima itanisikia. Maisha yangu yote nimeongea kwenye bonde ambalo watu wakiondoka hawarudi, na mara moja, Mama, mara moja tu watu watasikia tupo. Na wewe ndiye unayenifanyia hivi."

Akatoka. Nikasimama dirishani. Gari lake likashuka mpaka njia inapogawanyika. Kwake ni kulia. Nikaona taa ya nyuma ikimeta upande wa kulia: pap, pap, pap. Alijua. Mkono wake ulijua. Kisha akakata kushoto, na taa ya kulia bado inameta, akapotea nyuma ya miti kuelekea mgodini.

Nikangoja arudi. Barabara ile haina pa kwenda, lazima mtu ageuze. Hakurudi. Nikavaa koti la Hobart nikatoka. Sijui nilishukaje ngazi. Nilikanyaga barafu kwa kisigino nikishika fensi, na njiani sikumwona Verlin mawazoni, nilimwona baba yake, kile kiatu kimoja. Nikawa nasema kwa sauti, "Si leo. Si leo. Si huyu."

Gari lilikuwa mbele ya lango la mgodi, injini inaunguruma, taa bado inameta kulia. Amekaa, mikono yote miwili juu ya usukani. Nikafungua mlango nikaingia. Hakugeuka.

"Nilikuwa nakwenda nyumbani, Mama."

"Najua."

"Nikafika hapa. Nikatazama hilo lango, sikujua ni nini." Akaikaza mikono kwenye usukani. "Nimelijua tangu nizaliwe. Baba alinileta hapa nimebeba chakula chake. Likawa lango tu. La watu."

"Sasa unalijua?"

"Sasa nalijua. Ni kama stesheni yetu jua linapozama. Upo, unasikia, halafu mikwaruzo. Halafu unarudi, na hujui umekosa nini." Akavuta pumzi. "Najua tangu kiangazi. Nilidhani nikiongea haraka halitanifikia."

Kioo kikajaa ukungu wa pumzi zetu.

"Nipe fainali," akasema. "Wakifika. Hiyo tu."

"Halafu daktari."

"Halafu daktari."

"Na mimi nakaa karibu yako."

"Mama, meza ya watangazaji hawaruhusu mtu."

"Waje waniondoe."

Akacheka, na kicheko kikageuka, akalia kama alivyolia utotoni, mdomo wazi. Mimi sijawahi kuendesha gari. Ikabidi aendeshe yeye. Nikaweka mkono gotini kwake, na kila tulipofika kona nikabonyeza goti la upande tunaokwenda.

Machi 4

Wameingia fainali. Maombi yangu yanasubiri foleni.

Machi 10

Naandika hotelini. Kitanda hiki ni laini mno, kinanimeza.

Maelfu ya watu. Sikujua uwanja wenyewe ni mkubwa vile. Mezani kwangu ni urefu wa mkono mmoja. Kijana mwenye kadi shingoni akasema, "Mama, hapa ni kwa watangazaji tu." Nikamwambia, "Nami natangaza. Natumia mkono." Darcie akamnong'oneza kitu, akaenda zake.

Nyumbani bonde zima lilikuwa limepanda Mlima Uliokatwa kusikiliza kwenye lori la Estill, milango imefunguliwa, moto umewashwa kwenye mapipa. Hilo Verlin alilijua. Kabla ya kuanza alifunga macho akasema polepole, "Wako juu. Mzee wa posta wamempandisha na kiti chake." Kisha taa nyekundu ikawaka.

Nikaweka mkono goti lake la kulia. "Nyumbu wanashambulia kutoka kushoto kwenda kulia," akasema, "kwa mshale wa redio yako. Na kama redio yako haina mshale, msikilizaji, mtafute bibi mmoja mwenye meza."

Sijawahi kumsikia vile. Hakuna aliyewahi. Kila jina lilikuwa mahali pake. Niliacha kutazama uwanja nikafumba macho, nikauona vizuri zaidi. Mapumziko yakaja. Alikunywa maji, hakusema na mtu. Nusu ya pili nikahamisha mkono goti la kushoto, akasema kulia kwenda kushoto, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Zilipobaki dakika chache, Nyumbu nyuma kwa kikapu kimoja, ukumbi wote umesimama, nikahisi goti lake limekuwa gumu. Akanyamaza.

Nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikabonyeza kwa kucha. Akatazama chini, akautazama mkono wangu kama kitu kilichoachwa na abiria. Akapandisha macho kutoka mkononi mpaka usoni kwangu. Hakunijua. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda ule, mbele ya nchi nzima, mwanangu hakunijua, na taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Darcie alifungua mdomo amfunike. Nikatikisa kichwa. Sijui kwa nini. Akangoja.

Kisha Verlin akarudi. Niliona anavyorudi, kama mtu anayepanda ngazi. Maneno ya mchezo alikuwa nayo mdomoni, ningeapa, angeweza kuendelea. Akasogeza kipaza sauti karibu.

"Ndugu wasikilizaji, mimi ni Verlin Stidham wa Harlow Creek. Nyumbu wanatoka kulia kwenda kushoto. Mama yangu amenihakikishia. Kuanzia hapa atawapeleka binti yangu Darcie, kwa sababu anauona uwanja kuliko mimi." Akakisukuma kipaza sauti mbele ya binti.

Darcie alianza, sentensi mbili za kwanza zilitetemeka, kisha mpira ukaenda, naye akaenda nao. Vance akapiga mtupo wa mwisho. Ukazunguka ukingo wa kikapu, ukazunguka, ukatoka nje. Nyumbu wamefungwa.

Maombi yangu yamejibiwa baada ya kuacha kuyaomba. Sikufurahi.

Verlin aliushikilia mkono wangu pale pale gotini mpaka wakaanza kuzima taa za ukumbi.

Machi 12

Estill amekuja na kuni ambazo sikumwomba.

"Kule juu, Bi Orlena, aliponyamaza nilidhani setilaiti imekatika. Nikaipiga redio ngumi."

"Ukaivunja?"

"Nimevunja kidole." Akanionyesha. Kisha akatazama miguu yake. "Alipomaliza kusema vile hakuna mtu aliyeongea. Hata mimi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Nikampa keki.

Machi 21

Daktari wa mjini amesema neno. Siliandiki. Humu ndani tunalijua. Darcie alikaa nje kwenye korido, mgongo ukutani, hakutaka kulisikia. Rhonda alilisikia lote. Chuo kimemwomba Darcie ashike meza msimu ujao. Bado hajawajibu.

Aprili 14

Miti imetoa maua ya rangi ya waridi kwenye mteremko. Rhonda ananiletea Verlin kila Jumamosi, yeye anaenda sokoni. Hatumwachi aendeshe tena.

Leo alikuwa mkimya, akigeuza kikombe. Nikaifuta meza, nikaweka sukari kulia, chumvi kushoto. "Nitangazie," nikasema.

"Ipi?"

"Yoyote. Ya Lonnie."

Akakohoa, akaketi wima, na sauti ikatoka, ile nzito. Mechi ya zamani ile anayo yote, kila pasi, kila filimbi, hata mtu aliyemwaga soda sakafuni. Kidole changu kilikimbia juu ya maua mpaka kikapata joto. Lonnie alifunga, akafunga tena. Mapumziko yakafika, tukanywa kahawa. Nikahamisha sukari kushoto na chumvi kulia, kama ilivyo sheria.

Akaweka kikombe chini. "Nusu ya pili, ndugu wasikilizaji," akasema, macho yanang'aa. "Nyumbu wanashambulia kutoka kushoto kwenda kulia."

Nikachukua bakuli la sukari nikalirudisha kulia.